Hadi Ijumaa

Bi Tansil wa ofisi ya nyumba amenipa hadi Ijumaa.
Ni nyumba ya mbao, vyumba vitatu, baraza mbele,
rangi imebanduka upande wa jua
kama ganda la kiazi kilichochemshwa.
Bei yake hainunui hata gereji kule Cleveland.
“Si utani,” nilimwambia Royce kwenye simu.
Akanyamaza. Nikasikia friji yetu ikinguruma nyuma yake,
na theluji, ingawa theluji haina sauti.

Mji wenyewe unauingia ukipiga chafya,
ukimaliza kujifuta pua umekwisha kuutoka.
Taa moja tu barabarani, inamemeta njano mchana kutwa,
haijui kukataza wala kuruhusu.
Duka la dawa hufungwa saa kumi na moja jioni.
Hospitali iko maili arobaini,
na mimi nina moyo unaoruka mapigo
kama mtoto anayeshuka ngazi mbili mbili.
Makanisa ni kumi na manne. Nimeyahesabu.
Treni hupita saa nane usiku, haisimami,
hupiga honi ndefu
kama inamwita mtu aliyekwisha kuhama.

Bibi yangu Arzula alihama hapa mwaka hamsini na moja,
usiku, na sanduku la kadibodi lililofungwa kamba,
kuku wa kukaanga ndani ya gazeti,
na mama yangu, miaka minne, amevishwa magauni mawili.
Hakusema alikimbia nini.
Alisema tu: udongo wa Alabama ni mwekundu,
ukishika nguo hautoki.
Leo nimefua upindo wa suruali yangu mara tatu.
Hautoki.

Mwacha asili ni mtumwa, husema watu.
Na ambaye asili yake ni utumwa,
akiiacha anaitwa nani?
Akiirudia, je,
na hati ya nyumba mkononi?

Makaburini kuna ua wa chuma katikati.
Upande ule, marumaru na malaika.
Upande wetu, mawe ya mtoni, sahani zilizovunjwa,
saa ya mezani iliyosimamishwa saa tatu na robo.
Kijana wa kukata nyasi siku hizi hukata pande zote.
Nikamuuliza mbona ua haujang’olewa.
“Hakuna aliyeniambia,” akasema, akavuta kamba ya mashine.

Jirani, Dewitt Pruitt, huendesha lori la kuku.
Aliniletea nyanya kwenye mfuko, akaziweka ngazi ya chini,
hakupanda. Kwenye lori lake kuna bendera ndogo
ambayo siielewi.
Naielewa.
Nyanya zilikuwa tamu.

Halafu posta, yule mwanamke wa dirishani
alinitazama paji la uso, akashuka hadi kidevuni:
“Wewe wa kwa akina nani?”
Miaka thelathini na minane Cleveland
waliniuliza nafanya kazi wapi, naegesha wapi.
Nikamjibu, “Wa kwa Arzula Gaither.”
Akaziweka stempu chini.
“Arzula! Mama alikuwa akimsimulia. Yule aliyeimba kanisani
kwa nguvu zote, na sauti hana?”
Akacheka mpaka akashika meza.
Kumbe bibi aliimba.
Kwetu hakuwahi kuimba, hata jikoni.

Usiku nikaandika nyuma ya risiti:
faida kushoto, hasara kulia.
Hasara zikajaa, zikapinda kona, zikafuata ukingo.
“Basi umeshaamua,” Royce akasema.
Nikasema ndiyo.

Asubuhi nikaenda kurudisha ufunguo.
Bi Tansil akanyoosha mkono kuupokea.
Nikafungua mdomo niseme hapana, asante,
nikajikuta nauliza
takataka huzolewa siku gani.

“Jumanne,” akasema,
na mkono wake ukarudi mfukoni, polepole,
bila kitu.